Boti Iliyokuja kwa Lori

Mama mkwe haji nyumbani kwa binti yake ghafla. Hutuma neno kwanza, siku ikajulikana, kuku akakamatwa, na mkwe naye akapata nafasi ya kufua shati na kujifanya mtu wa shughuli nyingi. Kwa hiyo Ronah alipoinua macho kutoka kwenye sinia la maharage na kumwona mama yake, Bulandina, akiingia uani bila hata kupiga simu, alijua kuna msiba. Nyuma ya mama alikuja baba yake mdogo, Aloysius, amevaa koti la kwendea misa na jua linawaka vile, amekumbatia mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba mayai.

"Mama! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Leo hakuna mutu alikufa," Bulandina alisema. Alijishusha kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. "Nipe maji ya kunywa kwanza."

Walikuwa wametoka Nyakiyumbu alfajiri, pikipiki mpaka Bwera, kisha gari mpaka Kasese, na vumbi lote la njiani walikuwa nalo usoni. Lakini Aloysius hakuwa mtu wa kukaa na neno kinywani. Hakunawa, hakuketi, aliufungua mfuko pale pale. Ndani mlikuwa na shuka jeupe, jipya, bado lina mikunjo ya dukani.

"Ni ya Jean-Bosco," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Tumekuya kumuchukua. Soko muzima ya Mpondwe beko banasema bwana yako alipata boti ile ndugu yangu alikufia ndani. Mungu iko, mutoto yetu. Mungu iko!"

Jean-Bosco ndiye baba yake Ronah. Alipotelea Ziwa Edward wakati wa vita vya Kongo, Ronah akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Boti ilitoka Kyavinyonge, ng'ambo, ikapinduliwa na dhoruba kabla ya kufika upande wa Uganda. Wachache waliookolewa walisema walimwona akipanda, basi. Hakuna aliyemwona akizama, na maji hayakumrudisha.

Ronah aliliangalia lile shuka mpaka maharage yakaanza kumwagika mapajani. Boti pekee aliyoijua yeye ni ile ya Nyakatsiro, ziwa dogo la shimo la volkano, lisilo na kiboko wala mamba, ambalo mgeni hudhani ni mkono wa Ziwa Edward, na ambako mumewe Nobert aliwafundisha wageni wa hoteli kupiga mbizi. Na boti hiyo, jamani, haikuzama na mtu. Hoteli iliinunua kule kijiji cha Kayanzi ikiwa imeota kutu, kuku wanatagia ndani. Ikapandishwa lori. Ikavutwa kwa kamba mpaka majini, ikatobolewa na kushushwa taratibu mahali pasipo na kina, makusudi, ili mgeni ambaye hajawahi kutia kichwa chini ya maji aone meli iliyozama na arudi akiwa mzima kula chakula cha mchana. Ronah mwenyewe alikuwapo siku hiyo, akipiga makofi na wenzake.

"Baba mdogo, nani alisema ni boti ya baba?"

"Si bwana yako mwenyewe? Anaelezea bazungu kila siku! Fundi wa kushona wa Kyavinyonge, alikataa kuachilia mashini yake, akaenda nayo mpaka chini. Dada ya Naswiba, ule wa kuuza vitenge, anapika pale hoteli, yeye njo alileta habari. Sasa niambie, Kyavinyonge ilikuwa na mafundi wangapi ba kushona balizama na mashini?"

Ronah alikuwa akimwangalia mama yake, ambaye hakuwa akilia wala kufurahi. Alikunywa maji yake kidogo kidogo, akiwa amekonda kuliko alivyomwacha Krismasi.

Nobert alirudi jua likielekea kuzama, amevaa fulana ya bluu ya hoteli, akichechemea kwa goti lake bovu. Bulandina alisikia hatua zake, akageuza kigoda, akampa mgongo, maana kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani moja kwa moja. Salamu zake zilipitia kwa Ronah, za Nobert vilevile. Aloysius hakuwa na kizuizi hicho. Alimkumbatia mkwe katikati ya ua, majirani wameshajipanga ukutani.

"Muangalie huyu!" alipaza sauti. "Mutoto wa Mahango, kule mulimani maji iko ya kunywa tu, leo anatutolea mufu mu ziwa! Nani mwingine iko na mukwe kama huyu?"

Majirani wakacheka, mmoja akapiga vigelegele. Nobert alimtazama Ronah juu ya bega la mzee. Ronah alingoja neno moja tu kutoka kwake. Alingoja aseme hapana, baba, hiyo ni hadithi ya wageni, mmepotoshwa, poleni.

"Karibuni sana, baba," Nobert alisema. "Mmeshakula?"

*

Ronah alimbana mumewe nyuma ya nyumba, karibu na bafu la mabati, wageni wakiwa wanakula.

"Baba Masika, hebu niambie nilisikia vibaya."

"Ilinitoka tu, Ronah."

"Ikatokaje?"

Nobert aliketi juu ya tofali na kulikamata goti lake. "Hadithi ya meneja, Madamu Kellen, ilikuwa kavu. Boti ilizama wakati wa vita, watu wakafa, mwisho. Wageni wanapiga miayo. Siku moja mmoja akaniuliza, walikuwa watu gani? Mimi nitajua wapi? Nikakumbuka mambo uliyoniambia, ya baba yako na mashini. Nikasema alikuwemo fundi wa kushona. Wote wakanyamaza. Mama mmoja akalia kabisa, machozi haya."

"Akamlilia baba yangu."

"Ee."

"Mimi mwenyewe sijamlilia, sikumjua. Wewe unampeleka kwa wazungu wamlilie kabla ya kuogelea."

Nobert akainamisha kichwa.

"Na hiyo ya kukataa kuiachilia? Hiyo sikukuambia mimi. Hakuna mtu aliyeona."

"Hiyo niliongeza."

"Uliongeza!"

"Hadithi ilikuwa inataka mwisho."

Ronah alitamani kumpiga na ndoo iliyokuwa pale. Alimpenda Nobert, mtu mpole, asiyelewa, asiyeinua mkono. Lakini kipaji chake cha maneno ndicho kilichomwoa, na sasa alikiona kipaji hicho kwa upande wake mwingine, akakichukia.

"Kesho unawaambia," alisema.

"Nikiwaambia wao, dada ya Naswiba atajua, na hoteli itajua. Kellen alishatuambia wote, atakayefungua mdomo kwamba boti ilikuja kwa lori, siku hiyo hiyo anakwenda kwao. Mimi nikienda kwetu nitafanya nini? Nitawabebea tena watalii mizigo mlimani, na goti hili? Mle majini haliniumi, Ronah. Ni mahali pekee haliniumi." Akamshika mkono. "Waache wachukue kipande cha chuma wakizike. Kitamdhuru nani? Mama atalala usingizi. Baba mdogo atapata sala yake. Ni chuma tu."

Na Ronah, tusimfiche, alikaribia kukubali. Alifikiria karo ya mtoto wao Masika, akafikiria majirani waliopiga vigelegele, akasema moyoni kwamba watu wamezika vitu vya uongo kuliko hicho.

*

Asubuhi Bulandina alikuwa jikoni kabla ya wote, anamenya ndizi. Alimenya kwa haraka na kwa hasira, maganda yakiondoka na nusu ya ndizi.

"Mama, hukulala."

"Sijalala tangu nisikie ile habari." Aliweka kisu chini. "Ronah, kaa. Iko kitu sijakuambia."

Ronah akakaa juu ya kuni.

"Nilikuambia baba yako alirudia Kyavinyonge kufuata mashini sababu aliipenda. Ni bongo, nilikudanganya. Alikuwa amesharudi mara moja. Sisi tunalala Bwera mu kanisa, wewe unalia njaa, njo alirudi ng'ambo akatuletea sufuria na godoro. Mutu alipita mu risasi akatuletea godoro. Na mimi nilimuambia nini? Nilimuambia, umeleta sufuria, tutapika nini ndani? Umeacha mashini yenye inatulisha? Rudia. Na usirudie hapa bila mashini." Alijipangusa utomvu wa ndizi mikononi. "Njo neno ya mwisho alisikia mu kinywa yangu. Hata sikumuaga."

"Mama, ulikuwa na njaa. Ulikuwa na mtoto."

"Niache nimalize. Miaka yote nilijiambia, dhoruba ni dhoruba. Maji ikikuya, hata mujinga anaachilia kitu anajiokoa. Alijaribu, alishindwa, ni Mungu. Nikakaa na hiyo, nikalima, nikakulea. Sasa nafika sokoni na maharage yangu nasikia batu banacheka, eti iko fundi mumoja alikataa kuachilia mashini. Alikataa sababu ya nani, Ronah? Sababu ya nani?"

Ronah alianza kuokota maganda ya ndizi sakafuni.

"Ile shuka ni ya Aloysius," mama aliendelea. "Mimi sikukuya kuzika. Nakuya kujua. Kama mashini iko mu boti, chini ya kiti, basi aliiacha akajaribu kuogelea. Kama haiko mu boti, alienda nayo mukononi, na mimi njo nilimuua. Wewe utaingia mule uangalie. Bwana yako hawezi kuniambia kitu usoni, na mutu mwingine sitamuamini. Wewe ni damu yake."

Hapo ndipo Ronah alipaswa kusema. Mdomo aliufungua. Kama angesema wakati ule, jikoni, wawili peke yao, mengine yote yasingetokea. Lakini aliogopa. Aliogopa mama yake angemchukia Nobert mpaka kaburini, aliogopa baba mdogo angeita ukoo mzima kuhukumu, aliogopa kurudi kuhesabu kila kitu kabla ya kukila. Akasema, "Mama, sijui kuogelea," na gari la hoteli, ambalo Nobert aliliomba kwa simu usiku, likapiga honi barabarani.

Njiani, kwenye pikapu, wazee wakiwa wamekaa mbele na dereva, alimnong'oneza Nobert yote. Nobert alisikiliza huku akisugua goti mpaka wakapita njia ya Katwe. Kisha uso ukamchangamka, maskini, kama mtu aliyeokota pesa.

"Basi ni rahisi! Ukipanda juu, sema iko chini ya kiti, imefungwa kamba. Mama anapona, na mimi napona. Hakuna wa kukubishia."

Ulikuwa uongo mtamu kweli. Ronah aliugeuzageuza kichwani safari nzima na hakuuona ubaya wake.

*

Getini askari alitaka Bulandina afungue kikapu chake. Alichukua muda kuangalia ndizi zilizochemshwa, akazigusa na fimbo. Kwenye jukwaa la mbao, kando ya maji, mhudumu mmoja alimwomba avue kandambili na anawe miguu, kwa sababu ya wageni. Wageni wenyewe walikuwa wanne, wameketi kwenye viti vya kitambaa, viatu miguuni. Bulandina alinawa. Akaonyeshwa kreti la soda lililopinduliwa karibu na kibanda cha mitungi ya hewa, akakaa hapo.

Meneja alikuja mbio, mikono imefunguliwa. Kellen alikuwa mwanamke wa tabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa la uongo. Alipenda watu wafurahi mahali pake.

"Mama, pole sana, pole sana. Leo tutafanya kitu kizuri cha kumkumbuka mzee." Simu ilikuwa tayari mkononi. "Hebu simama hapa. Shika shuka, nyinyi wawili. Angalieni maji. Hapana, mama, usiniangalie mimi. Angalia maji."

Aloysius alilikunjua shuka la ndugu yake, akaanza sala kwa sauti.

"Samahani, mzee," Kellen alisema. "Jua lilikuwa nyuma. Rudia tu pale mwanzo."

Na mzee akarudia. Ronah aliona shingo ya baba yake mdogo ikitiririka jasho kwa joto la koti, aliona mama yake amekunja kona ya shuka ndani ya ngumi, akataka ardhi immeze yeye na hoteli yote.

Kellen alimfuata Ronah kibandani, Nobert akiwa anamfunga kiunoni mkanda wa madini ya risasi, uzito wa kuzamia.

"Nobert amenieleza. Umefikiria vizuri, dada. Neno moja tu la kumtuliza mama. Uongo wa namna hii hata padri angekuruhusu."

Nobert alimwingiza majini mpaka kifuani. Alimfundisha kama alivyowafundisha wote, polepole, na sauti yake ikawa ile aliyomtongoza nayo. Pumua kwa mdomo tu, usibane pumzi hata kidogo. Masikio yakiuma, bana pua upulize kama unapenga kamasi. Maji yakiingia kwenye miwani, usiruke, bonyeza juu na upulize kwa pua. Kidole gumba juu maana yake nataka kupanda. Mle hamna kina, hata ukipanda haraka ni mimi tu nitakayekugombeza.

"Naogopa, Baba Masika."

"Kila mtu anaogopa. Nishike mkono."

Alimshika mbele ya mama yake na baba yake mdogo, jambo ambalo siku nyingine angeona aibu. Kisha maji yakamfunika.

*

Kelele za juu zilikatika zote mara moja. Alibaki na pumzi yake tu, inakwenda na kurudi kwa kishindo, na mapovu yakimpita masikioni. Hatua za mwanzo aliapa hawezi. Maji yalimwingia kwenye miwani, akapaparika, akakaribia kuutema mpira wa hewa uliokuwa mdomoni. Nobert akamgeuza, akaweka uso wake mbele ya uso wake, akamwonyesha tena. Bonyeza, puliza. Maji yakatoka. Masikio yakamchoma, akabana pua, yakafunguka kwa mlio mdogo. Akaendelea kuwa hai, na jambo hilo lilimshangaza.

Kisha akaiona. Ilikuwa imekaa wima juu ya mchanga, kijani kibichi kwa mwani, samaki wadogo wakiingia na kutoka. Ronah alisahau kwamba ni ile ile aliyoipigia makofi. Aliona boti iliyozama, na mwili ukamsisimka. Akamwona baba yake asiye na uso ameketi pale, amekumbatia kitu kizito. Machozi yakamtoka ndani ya miwani, na hakujua kama hayo nayo hupulizwa kwa pua.

Nobert alimvuta wapite ndani, njia ya wageni. Tundu walilopitia lilikuwa limekatwa kwa moto, pana, la duara, na kingo zake zimepigwa tupa zikalainika ili mtu asichanike. Kamba nyeupe ilimwongoza mgeni pa kushika. Mabenchi yenye misumari yalikuwa yameng'olewa, likaachwa moja. Chini, vitalu vya zege vilikaa ili boti isitingishike. Ronah aliugusa ukingo mmoja kwa kiganja. Mtu alifanya kazi nzuri hapa. Mtu alifikiria kila kitu kinachoweza kumuumiza mwenzake, akakiondoa. Katika boti hii hapakuwahi kuwa na mtu aliyeogopa kufa, isipokuwa yeye dakika chache zilizopita.

Aliketi kwenye lile benchi lililobaki, akaangalia chini yake. Mchanga. Hapa ndipo atakaposema ilikuwepo. Na mama, kwa jinsi anavyomjua, atauliza kamba ilikuwa ya rangi gani. Mwaka ujao atauliza ilifungwa fundo gani. Atauliza mashini ilielekea wapi. Hayo Ronah angeweza kuyatunga, bwana wake angemsaidia. Lakini mashini ikiwa chini ya benchi, basi Jean-Bosco aliirudia. Alitumwa akatii, akaibeba mpaka kwenye boti, akaifunga kamba kwa mikono yake ili mkewe asimgombeze tena. Popote watakapoiweka mashini, ndani ya boti au nje, neno la mama litakuwa limeketi pale pale karibu nayo. Ule uongo mtamu haungemtoa mama popote. Ungempa tu kitu cha kuangalia.

Nobert alimwuliza kwa vidole kama yuko sawa. Ronah alimtazama mumewe akielea pale bila kuchechemea, mwepesi, mzuri, mtu aliyefika nyumbani kwake, na alimwonea huruma. Kisha akainua kidole gumba.

*

Kellen alikuwa tayari na simu. Wageni walisimama. Ronah alitembea kutoka majini na mtungi mgongoni, akautoa ule mpira mdomoni na kuvua miwani. Mama yake alikuwa ameshainuka kutoka kwenye kreti, amefika maji ya magoti na gauni lake.

"Iko wapi?" aliuliza. "Usinifiche. Iko wapi?"

"Haiko, mama."

Bulandina akafumba macho. "Alienda nayo."

"Hapana! Sikiliza. Hakuna mashini, hakuna baba. Baba hakuwa mule hata siku moja. Hii boti ilikuwa banda la kuku kule Kayanzi, ililetwa kwa lori. Mimi niliiona inashushwa. Hakuna mtu aliyekufa ndani yake."

"Zima, zima hiyo," Kellen alijiambia mwenyewe, akihangaika na simu.

Aloysius alibaki ameshikilia shuka, anaangalia huku na huku kama mtu aliyeamshwa. "Lakini fundi... Kyavinyonge... bote banasema..."

"Nilimsimulia Nobert habari za baba, naye akaziweka kwenye hadithi ya hoteli. Baba mdogo, unisamehe. Nilijua tangu jana, na sikuwaambia."

Nobert alikuwa ametoka majini nyuma yake. Hakutafuta maneno safari hii. Alipiga magoti kwenye matope, hata lile bovu, mbele ya mama mkwe wake, na uso ameinamisha.

Bulandina hakumpa mgongo. Alimtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti, mbele ya wageni, mbele ya wahudumu waliotoka jikoni.

"Nani alikuambia alikataa kuachilia?"

"Hakuna, mama."

"Iko mutu alikuwa mule mu dhoruba? Alikuonyesha?"

"Hakuna. Niliongeza mwenyewe, ili hadithi iwe nzuri."

"Uliongeza."

"Ndiyo, mama."

"Basi hakuna mutu anajua alifanya nini."

"Hakuna mtu anayejua."

"Nobert," Kellen alisema kutoka jukwaani. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kuchoka. "Iache fulana kibandani ukiondoka."

Nobert aliinuka kwa taabu, akaivua pale pale, akaikamua maji na kuikunja vizuri. Akabaki kifua wazi mbele ya mama mkwe, aibu ambayo mwanamume wa kwao haisahau. Aloysius alimtazama kwa muda mrefu. Alionekana anatafuta tusi la kumfaa na halipati. Mwishowe alimtupia lile shuka kifuani.

"Jifunike," alisema. "Unatupatisha haya."

Ronah alikuwa na mama yake. Alimshika kiwiko amtoe majini, lakini Bulandina hakutaka kutoka. Alikuwa akitikisa kichwa, taratibu, midomo inakwenda bila sauti.

"Mama, unasema nini?"

"Siku ingine niliona mu ndoto ameiachilia. Siku ingine niliona amekataa. Kila usiku nilikuwa najua. Ronah, mimi sijui." Alimkamata binti yake mabega yote mawili, na mtungi wake na mikanda yake. "Sijui! Labda hata hakuifikia mashini. Labda alisema huyu mwanamuke ni wazimu, akarudi bila kitu, anakuya kunigombeza. Sijui!"

Na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mikono kichwani, akimwita Jean-Bosco kwa jina kama mwanamke aliyeletewa habari asubuhi hiyo, mpaka wageni wakaondoka mmoja mmoja kwenye viti vyao. Ronah alishindwa kusimama na ule mzigo mgongoni. Aliketi majini miguuni pa mama yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamlilia baba yake kwa sauti.